Miaka Mitatu ya Shahada ya Kilimo katika Chuo cha Umma: Uzoefu Wangu

Nilijiunga na shahada ya sayansi ya kilimo katika chuo kikuu kimojawapo cha umma hapa Tanzania nikiwa na tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), mtoto wa mjini ambaye hajawahi kupalilia hata tuta moja.

Somo lililonirudishia thamani ya ada yangu yote ni la udongo. Asubuhi moja tuliingia kwa zamu katika shimo la kina cha mita moja na nusu, mhadhiri akachokoa ukuta wake kwa kisu toka juu hadi chini, akatutaka tulowanishe bonge la udongo, tulifinye kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka litoke kama utepe, kisha tulinganishe rangi yake na kurasa za kitabu cha Munsell, chenye sampuli za rangi za udongo. Hadi leo sipiti penye mtaro mpya bila kuinama kutazama matabaka.

Maabara ilikuwa habari nyingine. Kipima pH kimoja, cha kupimia uchachu wa udongo, kilihudumia kundi la watu ishirini, na nakiri kwamba mara mbili niliandika ripoti ya jaribio ambalo sikuligusa, nikinakili vipimo vya mwenzangu aliyewahi kusimama mbele.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wote huyaita fildi, niliyafanya katika kata moja ya wilaya ya Kilosa chini ya bibi shamba mwenye stashahada. Huko mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinionyesha mahindi machanga yenye majani ya zambarau. “Mbolea nimeweka, mwanangu, mbona yamekuwa hivi?” Alikuwa amepandia urea peke yake. Nikamweleza kwa kujiamini kwamba urea ina naitrojeni asilimia 46 na haina fosforasi hata chembe, ilhali mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, una kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, na kwamba mmea ulikuwa unalilia hiyo fosforasi. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Nikiinunua hiyo DAP, na gunia wakalichukua kwa bei ya mwaka jana, nitabaki na nini?”

Sikuwa na jibu. Uchumi wa kilimo tuliusoma kwa mikunjo ya ugavi na mahitaji ubaoni, wala hatukuwahi kukaa na mkulima tukahesabu gharama za ekari yake. Bibi shamba akaokota kijiti, akachora mchangani: mbegu, kulima, palizi mbili, usafiri wa magunia. Akamshauri ajaribu msimu ujao kwa nusu ekari tu.

Anayetaka kuomba shahada hii aombe, ila fomu ya fildi ikifika aandike kata ya kijijini. Mimi niliomba ofisi ya mkoa iliyo jirani na nyumbani, nikapelekwa Kilosa kwa sababu nafasi zilikuwa zimejaa.