Pampu ya kijiji: meseji za wananchi au kihisi kwenye mpini?

Mjadala huu haukauki kwenye kamati za maji. Upande mmoja, mwananchi anatuma meseji pampu ikigoma. Upande wa pili, kihisi, yaani kidude chenye laini ya simu, kinafungwa ndani ya mpini, kinahesabu unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma taarifa chenyewe.

Kwa gharama, meseji inashinda bila jasho: simu ya kitochi inatosha. Ila nani atatuma? Mradi wa Maji Matone wa shirika la Daraja, Tanzania, ulilenga meseji 3,000, zikaja 53. Mtu aliyelalamika mara tatu bila fundi kuonekana hapotezi tena salio lake, na simlaumu.

Kihisi hakichoki wala hakimwogopi mwenyekiti. Kule Kyuso, Kitui, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walivijaribu mwaka 2013, na matengenezo yaliyokuwa yakisubiri wiki kadhaa yakawa ya siku chache. (Zingatia: fundi naye alikuwepo.) Lakini betri huisha, mtandao hukatika, na kihisi cha mpini hakionji maji. Yakianza kuwa na chumvi, anayejua ni mama mwenye ndoo.

Mna pampu tatu na mwenyekiti anayepokea simu? Meseji, au mpigieni tu. Mna pampu hamsini zilizotawanyika, na bajeti ya fundi, pikipiki na vipuri? Fungeni vihisi, ila namba ya fundi ipakwe rangi palepale kisimani.