Seti ya chesi ya ubao wa kuviringisha: nimeijaribu kwa mtoto asiyejua chochote

Hii ni ile seti yenye ubao laini wa plastiki unaoviringishwa kama mkeka, kete za plastiki nyeupe na nyeusi, na mfuko wa kamba wa kubebea. Nilimnunulia mpwa wangu wa miaka saba, Kariakoo, nilikokuwa nimefuata vitambaa. Muuzaji alianzia 60,000, tukavutana, nikaichukua kwa 45,000. Haina jina la kampuni popote, si kwenye mfuko wala kwenye ubao, kwa hiyo hapa nahukumu mali yenyewe.

Muuzaji aliapa kwamba ni saizi ya mashindano. Fundi cherehani haapiwi habari za vipimo. Nilitoa futi mfukoni palepale. Mfalme ana kimo cha sentimita 9.5, mraba mmoja una sentimita 5.7. Hakudanganya. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, nalo linataka mfalme wa kama 9.5. Umbo la kete ni lile la Staunton, lililosajiliwa Uingereza mwaka 1849 na ambalo mashindanoni linatumika mpaka leo: farasi ana kichwa cha farasi kweli, ngome ina meno ya ukuta, askofu ana ufa kwenye kofia, mfalme ana msalaba. Mpwa wangu alizitambua zote sita jioni ya kwanza, kabla hajajua hata moja inakwendaje.

Nasisitiza hili kwa sababu dukani kulikuwa pia na seti ndogo ya sumaku, ile inayofungwa ikawa kisanduku, kwa bei isiyofika nusu ya hii. Jirani yangu anayo. Kwa watu wanaojua mchezo na wako kwenye basi la Mbeya, nzuri sana. Kwa mtoto anayeanza, hapana: askofu na askari wamekaribiana kimo, vidole vinapapasa, na akili inaishia kwenye kutafuta nani ni nani. Ya vioo ndiyo kabisa usiguse. Lile ni pambo la sebuleni. Jeshi moja ni kioo cheupe, la pili ni kioo chenye ukungu, na taa ikiwaka hujui yupi wako.

Sasa matumizi. Mpwa wangu akitoka shule anashinda kwenye fremu yangu mpaka mama yake afunge kazi. Drafti anaijua, ile ya vizibo, ameisoma kwa kuchungulia mabegani mwa vijana wa bodaboda wanaocheza pale nje. Kwa hiyo askari kula kwa mshazari hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kwenye drafti kula ni lazima. Tulipofika kwenye malkia, akamtumia kumla askari wangu aliyekuwa analindwa na kete yangu nyingine, nami kwa kete hiyo nikamla malkia wake.

"Anko, si ilikuwa lazima nile?"

"Huku si lazima. Angalia kwanza nani anamlinda."

Akarudisha macho ubaoni, akaanza kunyoosha kidole kwa kila kete yangu: huyu analindwa, huyu halindwi, huyu analindwa. Ukiwa na mtoto wa drafti, lianze hilo mapema, maana mazoea ya kula yanatoka polepole.

Sikumpangia kete zote kwa mara moja, na nashauri usifanye hivyo. Tulianza na askari peke yao, wanane kwa wanane, wa kwanza kufikisha askari upande wa pili ameshinda. Mchezo mfupi, una ushindi wa haraka, na ndani yake mtoto anajifunza kusubiri. Baadaye tukaongeza wafalme, kisha ngome, tukaendelea hivyo. Na hapa seti hii ilinifurahisha kwa jambo nisilolitegemea: ina kete 34, yaani kila upande una malkia wa akiba. Askari akifika mwisho unamwondoa, unaweka malkia wa kweli. Kwenye seti za kete 32 watu hugeuza ngome miguu juu wakaiita malkia. Mtu mzima anaelewa. Mtoto ataendelea kuiendesha kama ngome, na ana haki. Huyu wangu, akifikisha askari, bado anapiga kelele "Kingi!" kama kwenye drafti, mpaka bodaboda wanageuka.

Farasi ndiye aliyechukua muda. Nilimweka katikati, kwenye mraba wa d4, nikampa mtoto kiganja cha maharage aweke moja kwenye kila mraba ambao farasi anaweza kutua. Akahangaika, akaondoa, akarudisha, mwishowe yakawa manane. Nikamhamishia farasi kwenye kona, a1. Maharage mawili tu. Akayatazama, akasema, "Hapa kafungwa." Sikuongeza neno. Ubao mdogo usingeruhusu zoezi hili, maharage yangesukumana na kete. Herufi na namba zilizochapwa kingoni nazo zinasaidia, sasa namwita mraba kwa jina nikiwa nimekaa kwenye cherehani, naye anasogeza kete yangu.

Kasoro zipo. Ubao ukitolewa mfukoni kingo zinajikunja na askari wa pembeni wanaanguka. Uviringishe kinyume kwanza, halafu ulaze usiku kucha chini ya kitu kizito. Mimi niliulaza chini ya majora. Una harufu ya plastiki ambayo haikutoka upesi. Kete ni tupu ndani, nyepesi, mkono wa shati ukizigusa zinalala. Vitambaa vya chini ya kete vilibanduka viwili, nikakata velveti nikabandika upya, kwa fundi hilo si tatizo.

Tatizo ni karatasi ya maelekezo. Ni Kiingereza kitupu, maandishi ya kuumiza macho, na picha yake imeuweka ubao upande. Mraba wa kona iliyo mkono wako wa kulia lazima uwe mweupe, na malkia anaanza kwenye rangi yake: mweupe kwenye mraba mweupe, mweusi kwenye mweusi. Picha ile imekosea yote mawili, na mzazi asiyejua ataifuata.

Karatasi nimeitupa, nikatumia Lichess, programu ya chesi, kwenye simu. Ni bure kabisa, haina matangazo, inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida ya Ufaransa, na aliyeianzisha mwaka 2010 ni Thibault Duplessis. Ina sehemu ya kujifunza ambamo kete inakusanya nyota ubaoni, somo moja kwa kete moja, na kompyuta ya kucheza nayo ina ngazi nane. Mweke ya kwanza. Lakini nampa simu baada ya ubao, siyo kabla. Simu inakataa yenyewe hatua isiyoruhusiwa, kwa hiyo mtoto anaweza kubonyeza tu mpaka ikubali. Kwenye ubao hakuna wa kumkatalia ila macho yake, na mimi.

Naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya karatasi. Ukienda kununua, usikubali kuuziwa ikiwa imefungwa. Akunjue ubao wote mezani, uone kama umechapwa sawasawa. Hesabu kete kabla hujatoa hela, na uulize malkia wa akiba wako wapi. Halafu shika farasi wote wanne, uwabane kidogo shingoni: kichwa kimeunganishwa kwa vipande viwili, na kikiwa kinaachia pale dukani, kwa mtoto hakifiki Jumapili.