Skrini ya 4K au ya 1440p?
Tuchukue skrini mbili za inchi 27: moja 4K ya hezi 60 (picha mpya 60 kwa sekunde), nyingine 1440p ya hezi 165. Ya kwanza ina pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160, takriban milioni 8.3, ya pili 2560 kwa 1440, milioni 3.7 hivi. Kwa kazi, 4K haina mpinzani: herufi ndogo husomeka kama zimechapwa kitabuni. Kwenye gemu mambo hugeuka. Kadi ya michoro, inayochora picha za gemu, hubebeshwa pikseli zaidi ya maradufu kwa kila fremu, na kasi hushuka. Hezi 165 huleta picha mpya kila milisekunde 6. Hezi 60 hungoja karibu 17, na tofauti hiyo huhisika kwenye kipanya. Anayehariri picha kutwa achukue 4K. Mimi, kwa kadi ya wastani, nachagua 1440p.