Ununue wapi gemu ya kompyuta bila kuja kunyang'anywa

Namba moja ni duka lenyewe la mtandaoni: Steam au GOG. Bei ikikushinda, subiri msimu wa ofa, maana gemu nyingi hushuka hadi nusu bei au chini ya hapo. Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza. Msimbo (namba ya siri unayoingiza Steam ili gemu ifunguke) ulionunua kwingine hauna haki hiyo, na kwangu hilo peke yake linatosha kuamua.

Namba mbili: Humble Bundle, Fanatical na Green Man Gaming. Hawa hupewa misimbo na kampuni za gemu zenyewe, na mara nyingi bei zao ni nafuu. Soma tu mstari wa eneo kabla ya kulipa. Msimbo wa Ulaya pekee unaweza kugoma kufunguka Dar au Nairobi.

Namba tatu, tena kwa mbali sana, ni masoko kama G2A na Kinguin. Pale anayekuuzia ni mtu baki aliyeweka bidhaa yake, na misimbo yake kaipata wapi hujui. Mwizi hununua misimbo kwa kadi ya benki ya wizi, akaiuza upesi kwa bei ya kutupa. Mwenye kadi akishtuka, benki humrudishia pesa zake. Waliotengeneza gemu hubaki na hasara na ada ya benki juu yake, kisha wanafuta msimbo. Wewe unafungua akaunti, gemu haimo. Mwaka 2013 waliotengeneza gemu ya Natural Selection 2 walifuta misimbo 1,341 ya namna hiyo. Mwaka 2020 G2A wenyewe walikiri kwamba misimbo 198 ya gemu ya Factorio iliyopatikana kwa njia haramu iliuzwa sokoni kwao, wakawalipa watengenezaji dola 39,600. Na ile bei ya kuvutia uiangalie tena kwenye ukurasa wa kulipia, kwa sababu ada huongezwa mwishoni.

Akaunti za Steam zilizokwisha kutumiwa na mtu mwingine zinazouzwa Telegram na WhatsApp usiziguse kabisa. Unapewa jina na nywila, lakini barua pepe iliyofungulia akaunti bado ni ya muuzaji. Akitaka anairudisha akaunti kesho, na Steam hawatakusikiliza kwa kuwa wamekataza kuuziana akaunti.

Mfuko ukiwa mtupu, ingia Epic Games Store: kila wiki hugawa gemu ya bure, na ukishaichukua ni yako.