Upwardly Global: inamfaa nani kati ya wataalamu wanaohamia Marekani?

Mhasibu mwenye shahada na miaka kumi kazini anafika Marekani, anatuma maombi mia, hapati hata simu moja. Mwisho anaingia ghalani kupanga maboksi. Ujuzi anao, ila wasifu wake umeandikwa kwa mtindo ambao mwajiri wa huko hajui kuusoma. Upwardly Global, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2000 na Jane Leu, lipo kwa ajili ya mtu huyo, na kwa kazi hiyo tunalipendekeza bila kusita. Ila ujue mipaka yake kabla hujajiandikisha.

Anayetafuta kazi halipi kitu. Wanaolengwa ni wahamiaji, wakimbizi na waliopewa hifadhi, wenye shahada ya kwanza au zaidi waliyoipata nje ya Marekani, uzoefu wa kitaaluma waliouanzia huko walikotoka, Kiingereza cha kumudu intavyu, na kibali halali cha kufanya kazi. Asiye na kibali aanze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, maana hapa hatafutiwi viza. Wala si wakala wa ajira: hakuna atakayekupigia simu akwambie uripoti kazini Jumatatu. Unapewa mafunzo ya mtandaoni, ushauri wa ajira, intavyu za majaribio na watu wanaojitolea kutoka makampuni, na njia ya kuwafikia waajiri walio tayari kuajiri wahamiaji. Kutuma maombi ni juu yako.

Faida kubwa iko kwenye wasifu. Wengi huja na kurasa tano zenye picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Marekani hayo yote hutolewa. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakataza kubagua kwa dini, rangi, jinsia au asili, na ya 1967 inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea, kwa hiyo mwajiri hataki hata kuyaona. Zinabaki kurasa 1 au 2, kazi ya karibuni ikitangulia.

Halafu kuna lugha yenyewe. Sentensi kama "Nilikuwa na jukumu la kusimamia ghala" haimwambii mwajiri chochote. Iandike hivi: "Nilisimamia ghala la wafanyakazi 12, nikapunguza muda wa kuhesabu mali kutoka siku 5 hadi 2." Kitenzi, kiasi, matokeo. Kama namba kamili huzikumbuki, taja ukubwa wa timu, wa bajeti au wa eneo ulilohudumia, lakini usibuni, kwa sababu utaulizwa. Epuka pia majedwali, safu mbili na visanduku vya maandishi: programu nyingi zinazochambua maombi huyasoma ovyo, na jina la kampuni likajikuta kwenye nafasi ya cheo.

Intavyu za majaribio ni za kung'ang'ania, hasa kwa aliyelelewa Kiswahili. Kwetu mtu mwenye adabu husema "tulifanya", hata kama kazi aliifanya peke yake usiku kucha. Msaili wa Kimarekani akisikia "tulifanya" anabaki anajiuliza wewe ulifanya nini. Jibu zuri lina sehemu nne: hali ilivyokuwa, jukumu lako, hatua ulizochukua wewe, na matokeo, yote ndani ya dakika 2 hivi. Fanya mazoezi kwa sauti. Kusoma kimya hakusaidii, kwani ulimi ndio unaokwama.

Huduma inapopungukiwa nguvu ni kwenye taaluma zenye leseni, na kosa si la shirika. Leseni hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake, na hakuna mshauri wa ajira awezaye kuyalegeza. Kwa kawaida daktari lazima apate cheti cha ECFMG (taasisi inayothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani), ambacho hudai mitihani ya USMLE, yaani ya leseni ya udaktari, kisha aingie mafunzo ya hospitalini ya miaka 3 au zaidi. Muuguzi ana NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi. Mhandisi ana unafuu: kazi nyingi za uhandisi hufanyika chini ya mhandisi mwenye leseni, hivyo aanze kazi huku akijiandaa kwa mtihani wa FE, ule wa misingi ya uhandisi, na PE, wa leseni kamili, baadaye. Mtu wa kompyuta, fedha au usimamizi wa miradi mara nyingi hahitaji leseni kabisa, na hao ndio huduma hii inawafaa zaidi.

Suala la vyeti huchelewesha watu kuliko jingine lolote. Tathmini ya kulinganisha shahada ya nje na za Marekani hufanywa na taasisi nyingine, kwa mfano WES (World Education Services), na zipo za aina mbili: ya cheti tu, na ya somo kwa somo yenye wastani wa alama. Bodi za leseni na vyuo mara nyingi hudai ya pili, ilhali waajiri wengi hutosheka na ya kwanza, au hawaulizi kabisa. Usilipe kabla hujamuuliza anayeihitaji.

Kinachokwamisha ni transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako: kwa kawaida chuo chenyewe ndicho huituma moja kwa moja, na siku za tathmini hazianzi kuhesabiwa mpaka nyaraka zote zifike na zikubaliwe. Jina la kwenye shahada likitofautiana na la kwenye pasipoti, andaa cheti cha ndoa au hati ya kubadili jina. Kwa ambaye bado hajasafiri, dawa ni kwenda ofisi ya msajili wa chuo sasa, kuuliza transkripti hutumwa vipi nje ya nchi na nani huitia saini, na kuondoka na anwani ya barua pepe ya ofisi hiyo. Ukiwa ughaibuni, kumfuatilia karani mmoja kwa simu kunaweza kula miezi.