Basi la Pwani ya Norfolk kwa Mtazamaji Ndege Asiye na Gari

Kwa mtu anayeishi Uingereza bila gari, au aliyekuja kutembea na hataki kukodi, huduma ya mabasi ya pwani ya kaskazini ya Norfolk ndiyo ninayoitanguliza mbele ya nyingine zote ninazozijua kwa safari ya siku moja ya kutazama ndege. Sifa hiyo imeletwa zaidi na jiografia kuliko na wenye mabasi. Barabara ya A149 inafuata ukingo wa vinamasi kutoka Hunstanton hadi Cromer, na hifadhi kubwa za ndege ziko upande wa bahari wa barabara hiyo hiyo, hivyo basi linakushusha mlangoni. Katika sehemu nyingi za pwani ya nchi hii basi hukomea kijijini, na hifadhi ikawa kilomita kadhaa mbele, kwenye njia nyembamba isiyo na mahali pa mtu wa miguu kujibanza gari likipita. Pamoja na hayo, huduma ya Norfolk ina kasoro moja kubwa ambayo kila anayepanga safari hana budi kuijua kabla ya kukata tiketi: basi linafuata saa ya ukutani, na ndege wa pwani wanafuata jua na maji.

Kwanza njia yenyewe. Ukitokea London, unapanda treni King's Cross na kufika King's Lynn kwa muda usiofikia saa mbili, kupitia Cambridge na Ely. Hapo unachukua basi namba 36 la kampuni ya Lynx, liitwalo Coastliner, ambalo hupita Hunstanton, Titchwell, Brancaster, Burnham Market na Holkham hadi Wells-next-the-Sea, kisha likageukia bara kuelekea Fakenham. Anayetaka kuendelea mashariki hushuka Wells na kupanda Coasthopper ya kampuni ya Sanders, ambayo hupita Stiffkey, Blakeney, Cley na Salthouse hadi Sheringham na Cromer. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Coasthopper ilianzishwa mwaka 1996 na kampuni ya Norfolk Green, ikawa huduma ya pwani nzima; mwaka 2013 Norfolk Green ikanunuliwa na Stagecoach, na Stagecoach ilipojiondoa King's Lynn mwaka 2018 njia ikagawanywa pale Wells. Msafiri wa leo ndiye anayebeba mgawanyiko huo, kwa sababu anabadilisha basi, analipa nauli mara mbili, na hana hakika kwamba basi la pili litalisubiri la kwanza likichelewa. Ushauri wangu ni kutopanga kubadilisha Wells kwa dakika chache. Panga saa nzima na uitumie bandarini, ambako maji yakipwa vitwitwi na shakwe hula kwenye matope mita chache tu kutoka ukuta wa gati, bila kuwajali watu wanaokula chipsi juu yao.

Nauli haina ubishi. Tangu Januari 2023 serikali iliweka kikomo cha pauni 2 kwa safari moja ya basi katika England, na tangu Januari 2025 kikomo hicho ni pauni 3. Kwa pauni hizo tatu unatoka King's Lynn hadi Titchwell, mwendo ambao kwa teksi ungeyeyusha bajeti ya siku nzima. Wazee wenye kadi za usafiri wa bure wakumbuke kwamba kwa kanuni ya jumla kadi hizo huanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, jambo linalofupisha siku ya baridi kuliko mtu anavyodhani.

Sasa nije kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) na maji mafu (maji madogo ya katikati ya vipindi hivyo), lakini huenda hajafikiria kwamba kila pwani ina saa yake ya bamvua. Unguja, bamvua hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Katika ghuba ya Wash, iliyo magharibi mwa pwani hii ya Norfolk, bamvua hujaa takriban kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, asubuhi na jioni, na maji mafu hujaa karibu na adhuhuri. Hali hiyo hairekebishwi na ratiba yoyote. Maana yake kwa abiria wa basi ni kwamba anayefika hifadhini saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi jioni atakuta mchana wake una maji kujaa siku za maji mafu tu. Siku za bamvua, muda wake wote utakuwa wa maji kupwa na ndege watakuwa wametawanyika mbali kwenye matope, vidoa vidogo hata ndani ya darubini ya miguu mitatu.

Ndiyo maana Snettisham, kusini kidogo mwa Hunstanton, naihesabu kuwa mahali ambapo usafiri wa umma unashindwa. Tamasha lake linajulikana dunia nzima: makumi ya maelfu ya vitwitwi wa kijivu, wengi wao waliotoka kuzaa Greenland na kaskazini ya mbali ya Canada, husukumwa na maji ya bamvua hadi matope yote yakafunikwa, kisha huinuka kwa pamoja na kuhamia kwenye madimbwi yaliyo nyuma ya ufukwe wa changarawe. Tamasha hilo huhitaji bamvua kubwa, na bamvua kubwa hapa ni ya asubuhi na mapema au ya jioni. Mabasi ya kutoka King's Lynn hufika kijiji cha Snettisham bila shida, lakini kutoka kijijini hadi kwenye vibanda vya kutazamia ni mwendo wa zaidi ya kilomita tatu kwa miguu, na treni ya kwanza kutoka London haiwezi kukufikisha kwa wakati. Anayetaka kuliona alale Hunstanton au Snettisham kwenyewe, na aamke gizani. Safari ya siku moja ya kwenda huko kwa basi naona ni kupoteza nauli, isipokuwa jioni za mwisho wa Agosti na Septemba, pale mwanga ungalipo na ratiba ya kurudi umeshaikagua mara mbili.

Titchwell ni habari nyingine kabisa. Hapa ndipo huduma inapostahili sifa zote. Basi linasimama kwenye barabara kuu, na kutoka hapo hadi kituo cha wageni ni hatua za dakika chache. RSPB, shirika la Uingereza la kuhifadhi ndege, lilinunua eneo hili mwaka 1973. Kabla ya hapo lilikuwa shamba hadi dhoruba ya Januari 1953 ilipovunja ukuta wa bahari na chumvi ikalirudisha kuwa kinamasi. Faida yake kwa mtu wa basi ni kwamba hifadhi haitegemei maji ya bahari peke yake. Njia moja iliyonyooka, ya takriban kilomita moja, inatoka kwenye miti hadi ufukweni, na ukiifuata unapita matete, kisha bwawa la maji baridi ambalo kina chake hurekebishwa na watunzaji, kisha kinamasi cha chumvi, kisha bahari. Saa yoyote utakayofika kuna sehemu inayofaa. Maji ya bahari yakiwa juu, keti kwenye kibanda cha Parrinder kinachotazama bwawa la maji baridi, ambako ndege wa matope huja kupumzika. Yakiwa chini, endelea hadi ufukweni.

Ndege wa Titchwell anayestahili kutazamwa kwa utulivu ni avoseti, mweupe mwenye michirizi myeusi na miguu ya samawati iliyofifia, ambaye mdomo wake mwembamba umepinda kwenda juu. Hauchomi chini kama wengine; huinamisha kichwa na kuufagiza mdomo kushoto na kulia ndani ya maji ya kina kifupi, akipiga hatua moja kwa kila mfagio, kama mtu anayefyeka nyasi. Alikuwa ametoweka England kama ndege anayezaa, akarudi mwaka 1947 kwenye vinamasi vya Suffolk vilivyokuwa vimefurishwa wakati wa vita, na leo ndiye nembo ya RSPB.

Majira ya baridi ndiyo ninayoyapendekeza, ingawa wengi hungoja kiangazi. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri, na basi la kwanza linapofika ndege wa matete wameshamaliza kuimba. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mtu wa basi anapata karibu mwanga wote anaoupata mwenye gari. Ni majira hayo pia ambayo mabata bukini wenye miguu ya waridi huja kwa maelfu kutoka Iceland na Greenland. Mchana hula mabaki ya viazisukari kwenye mashamba yaliyovunwa, na machweo hurudi kulala kwenye vinamasi na michanga ya pwani. Ukishukia Holkham alasiri utawaona wakipita juu ya misonobari, mstari baada ya mstari, na sauti yao hukufikia kabla hujawaona. Basi la kurudi lipo baada ya hapo, jambo ambalo mwezi Mei huwezi kulisema. Ikiwa basi lako ni la ghorofa, panda juu na ukae mbele. Kati ya Burnham Market na Holkham ua wa miti uliomzuia mwenye gari unaupita kwa macho, na mara nyingi shamba zima la mabata bukini huonekana kwa sekunde chache kabla dereva hajakata kona.

Cley, upande wa Coasthopper, inafuatia Titchwell kwa karibu. Ilinunuliwa mwaka 1926 na kuwa hifadhi ya kwanza ya shirika la wanyamapori la kaunti katika Uingereza, na kituo chake cha wageni kiko juu ya barabara yenyewe, chenye dirisha refu linalotazama kinamasi chote hadi ukingo wa changarawe. Mvua ikinyesha, hapo ni mahali pa kusubiri basi bila kuacha kutazama ndege. Kabla ya hapo basi hupenya mtaa wa Cley, ambao ni mwembamba kiasi kwamba vioo vya pembeni hukaribia kuta za mawe ya gumegume pande zote mbili. Foleni za mtaa huo wakati wa kiangazi ndizo humwondoa msafiri kwenye mipango yake, si umbali. Majira hayo hayo, hata hivyo, ndiyo ya domomwiko, ndege mweupe mwenye mdomo bapa kama mwiko, ambaye alianza tena kuzaa kwa makundi Holkham mwaka 2010 na sasa huonekana Cley na Titchwell pia.

Kwa kulinganisha, Bempton Cliffs huko Yorkshire ina faida ambayo Norfolk haina: ndege wake wako kwenye viota vya magenge ya chaki mchana kutwa, maji yajae yasijae, na kituo cha treni cha Bempton, kwenye reli ya Hull hadi Scarborough, kiko mwendo wa takriban nusu saa kwa miguu. Mwezi Mei na Juni, kwa ndege wa baharini waitwao ganeti na pafini, ningeenda huko kabla ya Norfolk. Topsham, kusini-magharibi mwa England kwenye reli ya Exeter hadi Exmouth, inamfaa anayetaka alasiri moja tu. Treni ni nyingi na kinamasi cha Bowling Green kiko karibu na mji.

Kuhusu kupanga, anza na jedwali la maji, ambalo huduma ya mtandaoni ya EasyTide ya Admiralty, idara ya Uingereza ya ramani za bahari, hulitoa bure kwa siku saba zijazo, ukikumbuka kuongeza saa moja majira ya kiangazi kama jedwali lako halijaongeza. Ukishachagua siku ndipo uingie tovuti za kampuni za mabasi zenyewe, kwa sababu ratiba za baridi na za kiangazi hutofautiana na Jumapili ina ratiba yake. Nunua tiketi ya treni ya kwenda na kurudi King's Lynn tu kama una hakika utarudi kwa njia ile ile. Anayekusudia kuvuka pwani nzima atatokea Sheringham, ambako treni za Bittern Line huenda Norwich, na tiketi yake ya kurudi King's Lynn haitamsaidia hapo.