Gia ya mita niliyofungiwa haikuwa ya pikipiki yangu, faini nikala mimi

"Kwani wewe ukiendesha unaangalia barabara au unaangalia mita?"

Hilo ndo jibu nililopewa na mwenye duka la spea, hapa hapa Dar, mbele ya wateja wengine watatu wanne, mimi nimesimama na risiti yake mkononi. Jina la duka silitaji. Lakini mpaka leo nikilikumbuka lile jibu damu inachemka, na siandiki kwa ajili ya elfu kumi na tano niliyowapa wala elfu kumi ya faini, naandika kwa sababu ya jinsi alivyolisema.

Nianze nyuma kidogo. Nina Honda yangu, tairi la mbele rimu namba 19, nimekaa nayo miaka sasa na sijawahi kujuta kuinunua. Kabla ya masika mita ikafa. Sindano imelala sifuri, kilometa hazihesabu. Ukitoa tairi la mbele utakikuta pembeni ya habu kile kigia cha plastiki kinachozungusha waya wa mita, changu kilikuwa kimekwisha meno kabisa, kimebaki laini kama kipande cha sabuni. Na mimi nilikuwa na safari ya Iringa kumuona mama, nikasema barabara ile bila mita siendi, vijiji ni vingi na vibao vya 50 ni vingi, utajuaje unatembea ngapi? Nikapeleka dukani. Kijana wa pale, fundi wao, akafungua tairi kwa adabu, akasafisha, akapaka grisi, hata beringi akazikagua bila kuambiwa. Akaingia ndani kuchukua gia, nikasikia wanaongea ongea na bosi wake, akatoka nayo, akafunga. Elfu kumi na tano pamoja na ufundi. Nikazunguka mtaa mmoja, sindano inapanda vizuri, nikashukuru nikaenda zangu. Siku ile ungeniuliza ningekwambia nenda pale, wako vizuri.

Nikaondoka alfajiri, kama ninavyowashauri wote wanaotoka Dar kwa pikipiki, ukichelewa mpaka saa mbili unakwenda kugombania barabara na malori kuanzia Kibaha hadi Chalinze na upepo wa mabasi unakupiga kifuani mpaka unachoka kabla hata hujafika Mlandizi. Ilikuwa safari tamu. Chalinze nikanywa chai, nikaendelea. Mbele huko kuna kijiji, kibao cha 50 hiki hapa, nikapunguza kabla sijakifikia kama kawaida yangu, sindano ikakaa juu ya 50, haijavuka hata unywele. Naiangalia kabisa. Mara afande huyu katikati ya barabara, mkono juu.

Nikasimama kwa amani kabisa nikijua ni leseni na bima tu. Akanionyesha tochi, kile kifaa chao cha kupimia mwendo. 56.

Nikamwambia afande haiwezekani, mita yangu ilikuwa hamsini kamili, nimeitazama kwa macho yangu. Nilitegemea anifokee, maana tumeshazoea kusimuliana hivyo. Hakunifokea. Alikuwa mama mtu mzima, akainama akaitazama mita, akaniuliza, "Kaka, hii mita umeitengeneza lini?" Nikamwambia juzi juzi tu. Akasema, "Basi kaipimishe, maana kama inakudanganya hapa, imekudanganya tangu Dar." Akaniandikia, nikapewa control namba, nikalipa kwa simu pale pale. Kwa pikipiki ni 10,000 kwa kosa, ilishushwa kwenye bajeti ya 2021/22, kabla ya hapo ilikuwa 30,000 sawa na gari. Akaniambia safari njema mwanangu. Yule mama hakunidai kitu cha pembeni wala hakunidharau, na kuna siku nitakwambieni habari za trafiki wa namna nyingine, lakini huyu Mungu ambariki.

Sasa neno lake likanikaa kichwani. Mimi nina daftari la mafuta, kila safari naandika kilometa nilizoanzia na nilizofikia. Kufika Msamvu, pale Morogoro, nikafungua daftari: kutoka Ubungo mita imehesabu 168. Dar mpaka Moro ni kama 190, kila mtu anajua, haijawahi kupungua. Zile ishirini na kitu zimeenda wapi?

Baada ya Doma nikafanya jaribio, na hili mtu yeyote mwenye pikipiki alifanye hata kama mita yake anaiamini. Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na watu, shikilia sindano kwenye 60, halafu hesabu sekunde kutoka kinguzo kimoja cha kilometa hadi kingine. Kama kweli unatembea 60, kilometa moja ni sekunde 60. Ukiwa 50 ni sekunde 72, ukiwa 80 ni 45. Mimi nilipata 53. Nikarudia, 53 tena. Nikasimama nikawasha simu, nikafunga kwenye usukani, jipiesi inasoma 67, 68, sindano bado inasema 60. Kumbe hata ile 80 niliyokuwa naiona nje ya vijiji ilikuwa 90.

Hapo ndo hasira ilianza, tena nikiwa peke yangu porini na helmeti kichwani. Kwa sababu mbele yangu kulikuwa na Mikumi. Wasiopita njia ile wajue, barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kama kilometa 50, mwendo uliowekwa ni 70, na kuna ubao unaoonyesha faini ya kila mnyama ukimgonga. Faini tuiache, wewe uko kwenye pikipiki, hakuna bati wala mkanda, nyani akikatiza mwisho wako ndo huo. Kwa ile mita ningeingia hifadhini nikiona 70 kumbe ni karibu 79. Nikapita kwa kuangalia simu, sindano nimeiacha chini ya 62, twiga wawili wako kushoto wanakula wala hata sikuweza kufurahi, muda wote nawaza lile duka.

Ruaha Mbuyuni nikapumzika, Kitonga nikapanda taratibu nyuma ya malori, nikafika Iringa salama.

Pale Iringa nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee. Akatoa tairi, akatoa ile gia, akaipangusa grisi kwa kidole, akaiweka kwenye kiganja changu. Halafu akaenda kwenye kopo lake la spea za zamani akachambua chambua akaja na nyingine akaiweka pembeni yake. Ukizitazama haraka ni mapacha. Duara lile lile, tundu lile lile, zote zinaingia kwenye habu bila kulazimisha. Akaniambia hesabu meno. Hayalingani. Ile niliyofungiwa ni ya pikipiki yenye tairi namba 17 mbele. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwenye kilometa moja, kwa hiyo gia yake imepangwa kwa mizunguko mingi, ukiifunga kwenye tairi kubwa la 19 ambalo linazunguka mara chache, mita inadhani unatembea polepole. Inapunguza. Na mita ya kiwandani haipunguzi, kwa kawaida inazidisha kidogo ili wewe uwe upande wa usalama. Mzee akanifungia ile yake iliyotumika kwa elfu nane, akanikatalia hata hela ya soda. Shikamoo yangu kwake haitoshi.

Niliporudi Dar nikaenda dukani. Nakwambieni ukweli nilienda kwa upole. Nilishamsamehe nusu njiani, nikasema ni makosa ya kawaida, vitu vinafanana, wakinibadilishia au wakinirudishia hela tumemalizana, na nilitaka tu wajue wasimfungie mtu mwingine. Nikamsalimia mwenye duka, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Nikamweleza, nikaweka ile gia yao kwenye kaunta, nikamwambia hesabu meno mzee wangu. Hakuitazama. Akasema, "Dogo, ulikuja mita haifanyi kazi. Sindano si inapanda? Unataka nini tena?" Nikasema inapanda uongo, nimepigwa tochi kwa ajili yake. Ndo akanipa lile jibu la barabara na mita, wale wateja wakacheka, na yeye akageukia simu yake.

Mtu mzima yule. Nina watoto wawili na ananiita dogo mbele za watu.

Nikatoka. Nimefika kwenye pikipiki yule kijana fundi akanifuata mbio, anaangalia nyuma, akanikunjia elfu tano mkononi. Akasema kaka samahani sana, chukua hii, ni yangu. Hapo moyo wangu ukalainika kabisa, nikawa nishaanza kufikiria kwamba duka ni bovu lakini kijana ni dhahabu, na kama unataka ufundi wa tairi nenda ukamtafute yeye. Halafu akaongeza, "Mimi nilimwambia bosi siku ile hii ni ya kumi na saba, akasema funga tu, hatajua."

Funga tu, hatajua!

Sasa nimrudie vipi? Nilimrudishia elfu tano yake maana najua mshahara wake ni mdogo na kosa sio la mfuko wake, lakini na yeye alijua, na mikono yake ndo ilifunga, na alinitazama nikiondoka kwenda Iringa akijua. Nimelala nalo hilo siku kadhaa. Kuna wakati namuonea huruma, angefukuzwa. Kuna wakati namkumbuka anavyopaka grisi kwa umakini ule kwenye kitu anachojua sio cha pikipiki yangu, naona bora hata yule bosi asiyejua adabu. Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa nataka kuandika msiende pale ila kwa yule kijana, sasa hivi nasema msiende kabisa.

Na msiniambie ni kilometa sita tu. Pale kijijini niliposimamishwa, mita chache mbele ya afande kulikuwa na watoto wamebeba madumu ya maji wanasubiri kuvuka. Walikuwa wanatazama pikipiki yangu inakuja kwa 56 na mimi juu yake nina uhakika ni 50.

Kwa wanaosafiri: hesabu ya 50 inaanza kwenye kibao, sio kwenye nyumba ya kwanza, kwa hiyo ukikiona tu anza kuachia mafuta. Na inaisha kwenye kile kibao kilichokatwa mstari. Wengi wanafungulia wakiona nyumba zimeisha na hapo ndo wanakutana na tochi. Kupigiana taa za kuonyana kuna trafiki kusikufanye uvimbe kichwa, wa mbele yako anaweza akawa amekusahau. Na mtu yeyote akigusa tairi lako la mbele, akibadilisha gia, waya, rimu, hata tairi la saizi nyingine, usitoke mjini kabla hujapima kwa simu.

Jumapili iliyopita nimepima tena na ile gia ya mzee wa Iringa, njia ya Bagamoyo, asubuhi barabara iko wazi. Sindano 60, kinguzo hadi kinguzo. Sekunde 63.